Mponde: Nani Atakihesabu Kikohozi cha Milimani?

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Mponde, basi safari yako na ianzie Mombo. Hapo ndipo barabara ya kupanda Lushoto inapoachana na barabara kuu iendayo Arusha. Jua la Mombo ni kali na vumbi la tambarare halina simile. Lakini gari likianza kukwea mlima, kona baada ya kona, huku jabali likiwa upande mmoja na genge upande wa pili, utahisi hewa ikibadilika puani. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji, utatafuta sweta uliyoidhihaki ulipokuwa ukifunga mizigo.

Hapo Soni unaiacha njia ya Lushoto mjini na kushika upande wa Bumbuli. Barabara ni ya udongo mwekundu, na wakati wa masika udongo huo hushika gurudumu kama gundi. Migomba imesimama kando ya njia, mahindi na maharage yamepandwa hadi kwenye miteremko ambayo mgeni angedhani ni ya mbuzi tu. Kisha, ghafla, mlima mzima unavaa kijani cha aina moja. Hiyo ndiyo chai ya Mponde.

Asubuhi na mapema ukungu huwa umeulalia mlima. Husikii ila sauti za wachumaji wanaoitana kutoka tuta hadi tuta, vikapu migongoni, vidole vikichagua majani mawili na kichipukizi chake. Na ukitulia zaidi utasikia sauti nyingine, ambayo wenyeji wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena: ni kikohozi. Mmoja anakohoa kule bondeni, mwingine anajibu huku juu. Ukiuliza utaambiwa, "Ni baridi tu." Yamkini ni kweli. Lakini yamkini si baridi peke yake, na hilo ndilo lililomleta mwandishi wa makala haya kwenye milima hii.

MZEE NA MJUKUU WAKE

Palikuwa na mzee mmoja, mkulima wa chai, aliyekubali kusimulia habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kwenye kigoda nje ya nyumba yake.

"Mwanangu," alianza, "wewe unauliza habari za kifua. Mimi nilikohoa mwaka mzima."

Ilikuwa baada ya kiwanda cha chai cha Mponde kufungwa mwaka 2013, kufuatia mgogoro mkubwa baina ya wakulima na uendeshaji wa kiwanda hicho. Kwa miaka kadhaa mitambo ilinyamaza, mpaka kiwanda kilipofufuliwa katika miaka ya karibuni. Majani ya chai yalikomaa shambani pasipo mnunuzi wa karibu, na fedha zikaadimika majumbani. Katika hali hiyo, mzee alisema, nani angeacha kibarua akatumia nauli kwa ajili ya kikohozi? Mkamwana wake alimchemshia tangawizi na mchaichai. Dukani walimuuzia dawa ya maji ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Siku moja alijikongoja hadi kwenye kituo kimoja cha tiba, akapewa vidonge vya malaria na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia ateme makohozi yapimwe.

Usiku alilala chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka sita. Dirisha lilifungwa na matundu yakazibwa kwa matambara, kwani baridi ya Mponde haina huruma kwa mzee wala kwa mtoto. Mtoto akaanza kukonda. Homa za jioni zikawa hazimwachi. Ndipo mama yake akambeba mpaka hospitali, na daktari, baada ya kumtazama mtoto, akauliza swali moja: "Nyumbani kwenu, nani anakohoa?"

"Mjukuu wangu ndiye aliyenipeleka mimi hospitali," mzee alisema, akatazama pembeni. "Ilipasa iwe kinyume chake."

Wote wawili walitibiwa, na wote wawili walipona. Mtoto sasa ni kijana. Lakini, ndugu msomaji, hebu tujiulize: katika mwaka ule wote ambao mzee yule alikohoa, je, katika hesabu za taifa alikuwa wapi? Alikuwa mgonjwa. Alikuwa akiwaambukiza wengine. Lakini hakuwamo katika daftari lolote.

DAFTARI NA KIJIJI

Watu wengi hudhani kwamba kujua wingi wa kifua kikuu ni jambo rahisi: hesabu majina katika daftari la kliniki, jumlisha, basi. Sivyo. Daftari la kliniki huhesabu waliokuja. Halihesabu waliopo. Baina ya waliokuja na waliopo pana mto mpana, na katika mto huo wamo wale walioshindwa nauli, walioona haya, walioambiwa wamerogwa, na waliorudishwa bila ya kupimwa.

Historia yetu wenyewe inatufundisha jinsi daftari linavyoweza kutatiza akili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa nchini mwaka 1977, ukisaidiwa na Dk. Karel Styblo, mtaalamu aliyefanya kazi na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Mpango huo wa Tanzania ukawa mfano, na baadaye mataifa mengi yaliiga utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa zake mpaka mwisho. Mwaka 1983 wagonjwa walioandikwa katika madaftari nchini kote walikuwa karibu 12,000. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamezidi 60,000. Je, ugonjwa ulikuwa umeenea mara tano zaidi? Au vituo viliongezeka na watu wakajitokeza? Au ni UKIMWI, ambao huidhoofisha kinga ya mwili na kuwaamsha vijidudu waliolala? Daftari peke yake haliwezi kujibu.

WATOTO WA SHULE WALITUJIBU

Jibu moja lilitafutwa mahali ambapo huenda hukutarajia: mikononi mwa watoto wa shule za msingi. Tangu mwaka 1983, kwa vipindi vya miaka kadhaa, wataalamu walizunguka katika shule mbalimbali za nchi yetu wakipima watoto kwa kipimo cha ngozi. Mtoto hudungwa kiasi kidogo cha dawa chini ya ngozi ya mkono. Baada ya siku mbili au tatu mpimaji hurudi na rula, akapima kivimbe kwa milimita. Kivimbe kikubwa humaanisha kwamba yamkini vijidudu vya kifua kikuu vimekwisha ingia mwilini mwa mtoto huyo, ingawa si lazima awe mgonjwa.

Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto wa miaka minane ni kama saa. Kila alichokipata, amekipata ndani ya miaka minane. Ukijua ni watoto wangapi wameambukizwa, unaweza kukadiria ni sehemu gani ya watu wanaoambukizwa kila mwaka. Kazi ile ilionyesha kwamba hatari hiyo nchini ilikuwa karibu mtu mmoja katika kila mia kwa mwaka, na kwamba haikupanda sambamba na majina ya madaftarini, hata katika miaka ile UKIMWI ulipotutesa sana. Hiyo ilikuwa habari njema iliyojificha ndani ya habari mbaya: wagonjwa waliongezeka, lakini maambukizo kwa watoto hayakufuata kasi ile. Bila ya rula ile tusingalijua.

Dk. Styblo aliweka kanuni iliyopata sifa duniani: pale ambapo mtu mmoja katika mia huambukizwa kila mwaka, tarajia wagonjwa wapya 50 wenye vijidudu vinavyoonekana kwa darubini katika kila watu 100,000. Kwa miaka mingi nchi maskini zilikisia hali zao kwa kanuni hiyo. Lakini dunia ilibadilika, tiba ikaenea, UKIMWI ukaingia, na wataalamu wakakubaliana kwamba kanuni ile haiaminiki tena. Ikabaki njia moja, iliyo ngumu na ya gharama: kwenda kwa watu wenyewe.

NYUMBA HADI NYUMBA

Njia hiyo nayo haikuwa mpya kabisa. Kati ya miaka ya 1955 na 1960 Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi wa kifua kikuu katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Lakini utafiti wa kwanza wa kitaifa wa Tanzania wa kuhesabu wagonjwa waliopo, kwa utaratibu wa kisasa, ulifanyika mwaka 2012. Zaidi ya watu wazima 50,000 walishiriki.

Hebu tuifuate kazi hiyo kana kwamba inafanyika hapa Mponde. Kwanza, mahali pa kwenda hapachaguliwi kwa kupendeza. Hupigwa kura ya kitaalamu, ili kijiji kilicho kando ya lami na kile kilicho nyuma ya mlima viwe na nafasi ya haki kwa kadiri ya watu wake. Ukichagua vijiji vyenye hospitali tu, umejidanganya kabla ya kuanza.

Pili, viongozi wa kijiji na wa vitongoji huelezwa, kisha wahesabuji hupita nyumba hadi nyumba wakiandika kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hapa ndipo penye ugumu wa milimani. Kijana yuko Dar es Salaam akiuza mitumba. Je, ni mkazi? Mama ameondoka alfajiri kwenda gulioni na hatarudi ila magharibi. Yule mzee mgonjwa amelala chumba cha ndani, na wenyeji wanasema, "Huyo mwacheni, hawezi kutoka." Kumbe huyo ndiye hasa anayetafutwa! Mhesabuji mvivu akimruka, hesabu yote imelemaa.

Tatu, kila aliyeandikwa huja kituoni, penye turubai na mashine ya eksirei iliyopandishwa mlima kwa gari. Anaulizwa: unakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Umekonda? Unatoka jasho usiku? Kisha anapigwa picha ya kifua. Mwenye dalili, au mwenye kivuli katika picha, hutoa makohozi, mara moja papo hapo na mara ya pili asubuhi inayofuata. Makohozi hayo hutazamwa kwa darubini, na mengine huoteshwa katika maabara. Vijidudu vya kifua kikuu havina haraka. Mpimaji anaweza kusubiri wiki sita mpaka nane ndipo avione.

Kwa nini picha ipigwe kwa kila mtu, hata asiyekohoa? Kwa sababu tafiti za namna hii, katika nchi nyingi za Asia na Afrika, zimefichua jambo la kutisha: karibu nusu ya wagonjwa waliokutwa na vijidudu hawakuwa na zile dalili ambazo sisi sote tumefundishwa kuzingojea. Kadhalika zimeonyesha kwamba wanaume wagonjwa ni takriban mara mbili ya wanawake. Mwanamume hujikaza. Husema ni sigara, ni vumbi, ni uchovu wa shamba.

MMOJA KATIKA MIA NNE

Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa karibu 250, wenye vijidudu vinavyoonekana kwa darubini, kwa kila watu wazima 100,000. Idadi hiyo ilizidi ilivyokuwa ikikisiwa. Majirani zetu nao walikuta vivyo hivyo: Kenya, katika utafiti wake uliokamilika mwaka 2016, ilipata wagonjwa 558 waliothibitishwa maabara kwa kila watu wazima 100,000, nayo ikagundua kwamba wengi wao walikuwa hawajafikiwa na tiba.

Pengine namba hizi ni kavu machoni pako. Basi tuzilete nyumbani. Wagonjwa 250 katika 100,000 ni sawa na mtu mmoja katika kila 400. Kama tuta la wachumaji chai lina watu wazima 40, ungepita matuta 10 ndipo ukutane na mmoja. Ni wachache, sivyo? Lakini huyo mmoja asipotibiwa, hewa anayoitoa akikohoa chumbani haina mpaka. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Huambukizwa kwa hewa, na hewa ya chumba kilichozibwa dhidi ya baridi ndiyo hewa anayoipenda.

Na hapa lipo jambo ambalo kila kiongozi wa kijiji yafaa alielewe. Katika kijiji chenye watu wazima 2,000, kwa kiwango hicho ungetarajia wagonjwa watano. Lakini kwa bahati tu waweza kukuta wawili, au ukakuta tisa. Kijiji kilichokuta wawili hakina sababu ya kujigamba, wala kilichokuta tisa hakina sababu ya kuona haya. Ndiyo maana taifa lilihitaji kupima makumi ya maelfu ya watu, ili bahati isigeuke kuwa ushahidi. Hesabu ya taifa humwambia Waziri kiasi cha dawa za kuagiza na mashine za kununua. Haimwambii mwenyekiti wa kitongoji ni nyumba ipi. Hiyo nyumba lazima aitafute yeye mwenyewe.

MGENI WA AMANI

Milima hii ya Usambara ina historia ya ajabu na ugonjwa huu. Tarehe 24 Machi mwaka 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa mpaka leo kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1905 bwana huyo huyo alikuwa Amani, upande wa mashariki wa milima hii, penye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1902. Alikuja kuchunguza homa ya papasi na maradhi mengine ya nchi za joto. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Tazama kejeli ya historia: mtu aliyekifichua kijidudu alipumua hewa ya Usambara, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mzee wa Mponde alikohoa mwaka mzima bila ya mtu kumpima. Elimu ilikwisha kuwapo. Kilichokosekana ni hatua chache za mwisho, kutoka barabarani mpaka mlangoni.

KAZI ILIYOBAKI

Si haki kuacha makala haya katika huzuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2015 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya 306 kwa kila watu 100,000. Kufikia mwaka 2022 makadirio yalikuwa yameshuka hadi karibu 200. Tiba ya kawaida ni ya miezi sita, nayo ni bure katika vituo vya umma. Mashine za kisasa husoma makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Huko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, hata panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kuonyesha yenye vijidudu! Mafanikio haya ni ya kweli, nasi tunayajua kwa sababu watu walipima.

Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipofanywa kwa njia ya redio, wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja mtaalamu afike kila mlango. Moyo ule unahitajika tena milimani. Mwenye kukohoa wiki mbili aende akapimwe makohozi, na akirudishwa bila ya kupimwa, aulize sababu. Mgonjwa akigunduliwa, walio naye nyumba moja wote wakapimwe, kuanzia watoto. Dirisha lifunguliwe mchana, jua liingie. Mhudumu wa afya wa kijiji asiachwe apande mlima peke yake, bali kiongozi wa kitongoji aandamane naye, kwani ndiye anayejua chumba cha ndani kiko wapi. Na anayemeza dawa asinyooshewe kidole. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nilipomuaga yule mzee, jua lilikuwa limekwisha penya ukungu na wachumaji walikuwa wakishuka na vikapu vyao kwenda kupima chai. Alinionyesha dirisha la chumba chake. Lilikuwa wazi, na kijiti kimewekwa katikati lisijifunge.

"Nasikia baridi," alisema, "lakini naliacha hivyo hivyo."

Kule penye mzani, karani alikuwa akipima majani ya kila mkulima na kuandika kilo zake daftarini, na kila mkulima alisimama karibu akitazama asipunjwe. Ndugu msomaji, jani la chai halipiti Mponde bila ya kupimwa. Basi na kikohozi nacho kisipite.